Mkunga na Mzazi

Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kwa kawaida methali hii huambiwa mtu mwenye kiburi, amdharauye leo yule atakayemhitaji kesho. Lakini methali ikizoea kutumika kwa mambo mengi, maana yake ya kwanza husahauliwa. Maana ya kwanza ya methali hii si biashara wala siasa wala ujirani, bali ni chumba chenye giza kidogo, moto wa maji, na wanawake wawili: mmoja yumo katika uchungu na wa pili ameketi karibu naye. Methali yamwonya wa kwanza asimtukane wa pili. Haikusema neno juu ya wa pili kumtukana wa kwanza. Yamkini waliotunga methali hawakuona haja ya kusema, maana mkunga wa siku zao alikuwa shangazi, au nyanya, au jirani wa mzazi, na tusi lake lingemrudia yeye mwenyewe kabla ya jua kuchwa. Leo uzazi ungalipo, na wakunga wangalipo, lakini wengi wao si jamaa tena, na swali ambalo methali ililiacha limekuwa kubwa: mzazi naye ana haki gani mbele ya mkunga?

Swali hili laweza kuulizwa popote duniani, lakini Handeni na Korogwe ni mahali pazuri pa kuliuliza. Ni wilaya mbili jirani katika mkoa wa Tanga. Korogwe imelala kando ya mto Pangani, penye reli itokayo Tanga kwenda Moshi na mashamba ya mkonge ambayo kwa miaka mingi yaliwaita vibarua wa makabila mbalimbali. Handeni iko kusini yake, katika nchi ya Wazigua, ambako mvua ni bahili na vijiji vingi viko mbali na barabara kuu. Wasambaa wako milimani upande wa kaskazini, na Wabondei wako upande wa mashariki. Wamaasai wamechunga ng'ombe katika nyika za Handeni tangu zamani, na tangu mwaka 2022 idadi yao imeongezeka katika kijiji cha Msomera, walikohamishiwa jamaa nyingi kutoka Ngorongoro. Nani aitwe mwenyeji wa asili katika nchi kama hii ni shauri gumu. Serikali ina jibu lake, na wafugaji wana lao. Hapa yatosha kusema kuwa kila kabila katika haya lina namna yake ya kumpokea mtoto, na kuwa namna hizo zilikuwapo kabla hospitali ya kwanza haijajengwa.

Namna hizo hutofautiana katika mambo madogo na kufanana katika makubwa. Mzazi haachwi peke yake. Hukaa, au huchutama, au hupiga magoti, kama mwili wake unavyomwongoza, na nyuma yake yuko mwanamke wa kumshika kiunoni au mabegani. Wanaume huwekwa mbali. Kanga hutandikwa chini na nyingine huinuliwa kuwa sitara. Mkunga husema naye kwa lugha aliyonyonya nayo, humwita kwa jina la ukoo, humtania ikiwa utani wafaa, na humkaripia pia, lakini kwa karipio la mtu atakayekula naye kesho. Mtoto akiisha kuzaliwa, kondo la nyuma halitupwi. Huzikwa mahali panapojulikana, maana lilikuwa sehemu ya mtu, na sehemu ya mtu haistahili kuwa taka. Baadaye huja uji wa moto, wenye pilipili manga katika nyumba za pwani na za jirani zake, na siku za kupumzika, ambazo kwa wengi hufika arobaini. Katika siku hizo mzazi hupikiwa, hukandwa, na husamehewa jembe na mtungi.

Mtu wa shule aweza kuyaita haya mapambo. Lakini yafaa atazame tena. Ukiondoa dua na miiko, mila hii ilimpa mzazi vitu vitano: mtu wa kukaa naye, sitara, lugha yake, uhuru wa kuuweka mwili wake atakavyo, na mapumziko. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake juu ya huduma wakati wa uchungu, lilitaka mzazi awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe, atendewe kwa heshima na faragha, asemezwe kwa namna anayoielewa, na aachwe achague mkao wa kuzalia. Bibi wa Kizigua ambaye hajui kusoma angesikiliza orodha hiyo na kuuliza habari mpya iko wapi.

Hata hivyo, haki yataka upande wa pili usemwe bila kificho. Mila haikuweza kuzuia damu. Haikuweza kutibu kifafa cha mimba, wala kumtoa mtoto aliyekwama katika nyonga. Mwanamke aliyepatwa na moja katika hayo kijijini, mvua inanyesha na njia ina utelezi, mara nyingi alikufa, na mkunga aliyempenda alimtazama akifa. Kadiri hospitali na zahanati zilivyoenea, hesabu imebadilika. Utafiti wa taifa wa 2004–05 ulionyesha kuwa watoto 47 katika kila 100 nchini Tanzania walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha 81. Vifo vya uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa 2015–16, vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Mtu anayesifu mila kwa kuibeza hospitali mbele ya tarakimu hizi hawapendi akina mama. Anaipenda hoja yake.

Basi ubishi si kati ya kwenda hospitali na kutokwenda. Ubishi ni juu ya kile mzazi anachodaiwa kukiacha langoni ili aruhusiwe kuingia.

Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, waliwauliza wanawake waliojifungua katika hospitali na vituo vya afya vya Korogwe na Muheza juu ya namna walivyotendewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wanawake walipoulizwa wakati wa kuondoka, zaidi kidogo ya 19 katika kila 100 walisema kuwa walitendewa mambo ya kuwavunjia heshima: kufokewa, kudharauliwa, kupigwa, au kuachwa bila msaada walipouhitaji. Kisha baadhi yao waliulizwa tena majumbani baada ya majuma kadhaa. Sasa waliosema hivyo walikuwa 28 katika kila 100.

Tofauti ya tarakimu hizi mbili yastahili kutafakariwa kuliko tarakimu zenyewe. Yaliyotendeka yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa kuyasemea. Penye lango la hospitali, mwanamke amembeba mtoto aliye hai, na shukrani imemjaa. Tena ana hofu, maana chanjo ya mtoto iko ndani ya lango hilo hilo na mimba ijayo itamrudisha hapo. Ulimi wenye shukrani na hofu husema, nilitendewa vema. Nyumbani, mbele ya mama yake au dada yake, maumivu yamepoa na picha imebaki. Ndipo huona kuwa kile alichokihesabu kuwa sehemu ya uchungu hakikuwa sehemu ya uchungu. Kilikuwa mkono wa mtu. Uchungu wa mwana aujua mzazi, lakini uchungu wa kofi ni mzigo wa pili, ambao hakuumbiwa kuubeba.

Huko wodini kuna hoja moja ambayo husemwa mara nyingi, na si hoja ya kipuuzi. Husemwa: mzazi alikuwa amechoka, hakutaka kusukuma, mtoto alikuwa hatarini, alifokewa, akapigwa paja, akasukuma, mtoto akalia. Je, si afadhali kofi kuliko jeneza? Swali likiwekwa hivi kila mtu atachagua kofi. Lakini swali limewekwa kwa hila, hata kama mwenye kuliweka hana hila moyoni. Linadhani kuwa njia zilikuwa mbili tu, kofi na jeneza, nazo zilikuwa nyingi. Mkunga wa kijijini hana sindano wala mashine, na kila siku hupata wazazi waliochoka. Huwashika, huwainua, huwageuza, huwaita kwa majina ya nyanya zao. Tena hata mahali ambapo njia nyingine hazikuonekana, uhai uliookolewa haufuti tusi lililotolewa. Mtu akilipa deni la Juma hajalipa deni la Asha. Aliyeokolewa anadaiwa shukrani kwa kuokolewa, na aliyetukana anadaiwa radhi kwa kutukana, na madeni haya mawili hayakutani popote.

Watetezi wa wazazi nao wana hoja yao, na hoja hii yahitaji kuangaliwa kwa sababu inapendeza mno. Husema kuwa heshima ni faida: mwanamke aliyetukanwa hatarudi, naye atawaambia wenzake, na kijiji kizima kitazalia nyumbani; kwa hiyo hospitali iwe na adabu ili ipate watu. Hoja hii ni ya kweli. Ushahidi wake mzuri hutoka mbali, katika milima ya Ayacucho nchini Peru, penye wenyeji wa Kikechua. Wanawake wa huko walikataa zahanati kwa sababu walilazwa chali, walivuliwa nguo zao, walitenganishwa na jamaa zao, na walisemezwa Kihispania wasichokijua. Mahali paitwapo Santillana wauguzi na wenyeji walikaa pamoja wakapanga upya: kamba ya kushika na kiti kifupi cha kuzalia viliingizwa ndani, jamaa na mkunga wa jadi wakaruhusiwa, lugha ya Kikechua ikasemwa, na kondo likarudishwa kwa wenyewe. Mwaka 1999 wazazi 6 tu katika kila 100 walizalia katika kituo hicho. Mwaka 2007 walikuwa 83. Mwaka 2005 serikali ya Peru ilikuwa imekwisha toa mwongozo wa taifa juu ya kuzaa kwa mkao wa wima.

Habari njema. Lakini ikiwa heshima ni njema kwa sababu inaleta watu hospitalini tu, itakuwaje siku watu watakapokuwa hawana mahali pengine pa kwenda? Siku hiyo haiko mbali Handeni. Vijiji vina sheria ndogo, wakunga wa jadi wameambiwa waache kuzalisha, na mwanamke anayezalia nyumbani hukaripiwa. Wote wakiisha kuja kwa lazima, hoja ya faida itakuwa imekwisha kazi, na tusi litabaki bila mlinzi. Kwa hiyo heshima ya mzazi haiwezi kujengwa juu ya msingi wa hesabu ya waliohudhuria. Ingepasa iwepo hata kama haiongezi mzazi mmoja katika daftari, kwa sababu yule aliyelala pale ni mtu, na saa ile hana nguvu ya kujitetea, na mwenye nguvu mbele ya asiye na nguvu ndipo utu wake hupimwa.

Wamaasai wa Handeni huyajua haya kwa njia ya lugha. Mwanamke aliyekulia bomani aweza kujua Kiswahili cha sokoni, cha kununua sukari na kuuza maziwa. Lakini mtu aliye katika uchungu hurudi katika lugha ya mama yake kama mtoto arudivyo mgongoni. Muuguzi akimwambia usisukume, naye akasukuma, haina maana kuwa ni mkaidi. Yawezekana neno halikufika. Kiswahili kimeunganisha taifa, na wapenzi wa Kiswahili wana haki ya kujivunia jambo hilo. Lakini katika saa hiyo lugha ya taifa ni ya kigeni kama Kihispania kilivyokuwa cha kigeni Ayacucho. Wanawake wa Kiinuiti wa kaskazini ya Kanada waliwahi kusafirishwa kwa ndege mamia ya maili kwenda kuzaa kwa watu wasiojua neno lao moja, mpaka mwaka 1986 wenyeji wa Puvirnituq walipopata kituo chao cha uzazi, ambamo wakunga wa Kiinuiti hufundishwa kazi nyumbani kwao. Kutoka Msomera mpaka hospitali si mbali hivyo. Lakini umbali wa lugha haupimwi kwa maili.

Sasa yafaa methali ya mwanzo ihojiwe tena, maana ilisifiwa mno. Si kweli kwamba mkunga wa jadi hakumtukana mzazi kamwe. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, uchungu ukikawia, ilikuwa desturi kumshuku mzazi kuwa amezini, na kumtaka awataje wanaume kabla mtoto hajatoka. Mwanamke mwaminifu mwenye nyonga nyembamba aliweza kufa akiwa amevunjiwa jina, na hakuna tusi la wodini linalozidi hilo. Dawa za miti zilizonywewa kuharakisha uchungu ziliweza kupasua mji wa uzazi. Hayo pia ni mila, na mwenye kuitetea mila kwa jumla hana budi kuyapokea pamoja na kanga na uji. Hana haki ya kuchagua matunda na kuusahau mti.

Lakini si kila kinachoonekana kuwa kosa ni kosa tupu. Wamaasai walikuwa na desturi ya kumpunguzia mjamzito chakula katika miezi ya mwisho. Muuguzi akisikia hushika kichwa, na ana sababu: mama hudhoofika, hupungukiwa damu. Hata hivyo desturi hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Mtoto mkubwa akikwama bomani, mbali na kisu cha daktari, mama alikufa. Mtoto mdogo alipita. Ilikuwa hesabu ya watu wasio na chumba cha upasuaji. Anayetaka kuiondoa hana haja ya kuicheka. Amweleze mzazi kuwa sasa kisu kipo, na gari la kumfikisha lipo, na kisha ahakikishe kuwa vipo kweli. Hili la mwisho ndilo gumu. Siku hizi mpango wa m-mama humpatia mzazi gari la dharura kwa simu ya namba 115. Desturi ya njaa itakufa yenyewe siku wanawake watakapoiamini namba hiyo kama walivyomwamini mkunga.

Muuguzi naye ana haki ya kusikilizwa. Yuko peke yake usiku, wazazi ni wengi, vitanda havitoshi, glavu zinahesabiwa. Akikosea, ataitwa ofisini. Akichoka, hakuna wa kumpokea. Yeye naye ni mzazi wa mtu, na pengine alijifungua katika wodi kama hiyo na akafokewa vivyo hivyo. Ukali wake mara nyingi ni woga uliovaa sare. Kumlaumu yeye tu ni kumtafuta mwizi kwa kumkamata aliye karibu.

Ndiyo maana jambo lililofanywa baadaye katika mkoa huo huo wa Tanga lina mafunzo. Mradi uliofuata utafiti ule ulipewa jina zuri la Kiswahili, Staha. Katika hospitali moja wananchi na watumishi walikubaliana juu ya mkataba wa huduma, na watumishi wenyewe wakaanza kurekebisha kazi yao. Hospitali nyingine haikufanyiwa hivyo, ili ziweze kulinganishwa. Moja ya mambo yaliyofanywa lilikuwa kutundika mapazia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na uwezekano wa mzazi kuvunjiwa heshima katika hospitali ya kwanza ulikuwa umepungua kwa karibu theluthi mbili. Pazia ni nini? Ni kipande cha nguo. Ni kanga ile ile iliyoinuliwa na wanawake wawili katika nyumba ya udongo huko Sindeni au Kwamatuku, imebadilika rangi tu. Ilitoka katika uzazi wa watu bila kuulizwa, na ilipasa kurudishwa kwa mkataba na utafiti.

Pamoja na pazia kuna kitu kingine kilichotoka, nacho hakijarudi vizuri. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, ziliwafundisha wakunga wa jadi, zikawapa wembe safi na uzi na maneno ya kutia moyo. Kabla ya karne kwisha mashirika makubwa yaliona kuwa mafunzo hayo hayakupunguza vifo kama ilivyotumainiwa, na shauri likageuka: kila mzazi azalishwe na mtaalamu. Shauri hilo lilikuwa la haki. Lakini lilipopitishwa, bibi aliyefundishwa jana aliambiwa leo kuwa yeye ni hatari. Hakuambiwa awe nani badala yake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa wakunga wa jadi waweza kuwa wenzi wa wazazi katika uchungu, bega kwa bega na mtaalamu. Katika vitabu, basi, amerudishiwa cheo.

Katika maisha ya kila siku safari yake bado huishia langoni mara nyingi. Mzazi wa Handeni akianza uchungu usiku, mkunga ndiye huamshwa kwanza. Yeye ndiye husema hapa tusingoje, yeye hutafuta bodaboda, yeye hukaa nyuma ya mzazi kwenye pikipiki na kumshika njia nzima ili asianguke. Wakifika, mzazi huingizwa ndani, mkunga huambiwa asubiri. Ndani, mtu asiyemjua mzazi huyo amefungua daftari na kumwuliza jina lake, umri wake, mimba ni ya ngapi, ile iliyotangulia ilikuwaje, alitokwa na damu kiasi gani. Nje, yule anayejua majibu yote ameketi chini ya mwembe na furushi la kanga mapajani, akingoja labda ataitwa.